Ngiri ya Texas

Jana usiku mjomba wa mke wangu alinipigia simu kutoka Tanga kunipa pole ya ngiri. Sauti yake ilikuwa ya msibani. Aliniuliza kama ni ngiri maji au ile ya kawaida, akanisihi nisione haya, akanihakikishia kwamba kuna mzee kule Pangani mwenye dawa ya mizizi iliyowarudishia wanaume wengi heshima ya nyumba zao. Nikashukuru. Ningesema nini? Sina ngiri. Nina bastola ndogo, bastola imo ndani ya ala ya plastiki, na ala imo ndani ya suruali, kwa mbele, vidole vinne kulia kwa kitovu. Lakini mzee wa miaka sabini na ushei humwambii maneno hayo usiku, tena kwa simu iliyowekwa spika, nyumba nzima imetega masikio.

Habari ilitoka kwa mama mkwe. Amekuja Houston kumwona mjukuu, na yeye ni mtu asiyesema, anaangalia. Washauri wa mambo ya silaha husema ala mpya uivae nyumbani kwanza, mwili uizoee, nami nikawa mtiifu. Basi aliniona ninavyoketi mkekani, mguu mmoja nimeunyoosha, wa pili sijui niupeleke wapi. Aliniona nikivuta pumzi kabla ya kuinama kuchota pilau kwenye sinia. Aliniona nikisimama kwa kushika kochi. Aliona mashati yangu yamekuwa mapana ghafla, na sichomekei hata siku ya harusi. Kisha asubuhi moja niliinama kumwamkia, kona ya plastiki ikanichoma mahali pasipotajika, "Shikamoo mama" ikatoka na mguno. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, macho yakamshuka hadi kwenye uvimbe, kisha akageuza uso upesi kuelekea dirishani.

Kilichoniponza ni adabu. Mama mkwe hawezi kumwuliza mkwewe habari za kinena chake, wala mkwe hawezi kumtangazia mama mkwe kwamba kinena chake ni kizima. Akaamua kumwuliza binti yake, kwa mafumbo: Baba Salma yuko salama kweli? Mke wangu akadhani anaulizwa juu ya kazi yangu ya usiku kwenye kituo cha mafuta, akajibu, "Ana shida, mama, ila hataki kusema."

Basi, imekwisha hiyo. "Mficha maradhi kifo humuumbua," mama akatamka, akachukua simu yake. Kufika Ijumaa kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa na orodha ya michango ya upasuaji, kila jina na ahadi yake. Shangazi mmoja aliahidi mbuzi. Mbuzi huyo atafikaje Texas, hakuna aliyeuliza.

Nami nilikuwa nateseka kwa elimu. Bila maumivu haya nisingejua kwamba kinachomsaliti mwenye bastola si mtutu. Mtutu umeshazama ndani ya suruali, haumsumbui mtu. Msaliti ni mpini, maana unabaki juu ya mkanda na hamu yake ni kuchungulia nje. Tena bastola inavyozidi kuwa ndogo ndivyo mpini unavyozidi kiherehere. Yangu inatumia risasi za .380, aina aliyoibuni John Browning, iliyotoka mwaka 1908, na ikiwa tupu haifiki gramu 300. Kwenye kiganja ni raha tupu. Kiunoni, mtutu wake mfupi hauna urefu wa kutosha chini ya mkanda, wakati mpini uliojaa risasi umelemea juu, kwa hiyo kila ukipumua inapinduka kutoka mwilini. Bastola yenye mtutu mrefu kidogo hutulia: chini inaegemea mwili, juu inarudishwa tumboni. Ni somo la wenzo lile lile la darasani, ila safari hii egemeo ni wewe.

Mafundi wamelijibu tatizo hili kwa vitu viwili ambavyo, nikiwa nimelala chali na sina maumivu, navistaajabia kwa dhati. Cha kwanza ni ukucha, kipande cha plastiki kinachojitokeza ubavuni mwa ala. Mkanda ukikibana, nacho kinaizungusha ala mpaka mpini unageukia tumboni. Cha pili ni kabari, sponji inayobandikwa mgongoni mwa ala, chini kabisa. Inausukuma mtutu utoke kidogo, na mpini kule juu unalala ndani. Ukucha unageuza, kabari inalaza. Nusu sentimita ya sponji inatosha kuamua kama majirani watajua au hawatajua.

Plastiki yenyewe inaitwa Kydex, nayo ilianza miaka ya 1960 kwa ajili ya sehemu za ndani za ndege. Fundi hupasha moto bamba la unene wa milimita 2 hivi. Likipita nyuzi 160 linalegea. Hulilaza juu ya kielelezo cha bastola, hulikandamiza kwa sponji nzito, na baada ya dakika chache limepoa likiwa limehifadhi kila bonde na kila kilima. Ndiyo maana bastola ikiingia inalia "ta!": plastiki imeruka duara la kifyatulio na kukamata upande wa pili. Skrubu moja inakaza au kulegeza mshiko huo. Kazi ya kwanza ya ala, kabla ya kuficha, ni kukifunika kifyatulio chote pasiwe na kitu cha kukigusa.

Ngozi ni laini zaidi na inanukia vizuri. Lakini jasho la Houston mwezi wa nane huulegeza mdomo wake, na pindo la ngozi iliyochoka likinaswa kwenye kifyatulio wakati unarudisha bastola, mlio utakaousikia si "ta". Basi nimebaki na plastiki, ambayo haipumui, haipindiki, na ina kona.

Halafu matangazo! Wanaume wote mle wana matumbo bapa, na wote wamesimama. Sijaona aliyeketi. Sijaona anayefunga kamba za viatu wala anayemwogesha mtoto. Wauzaji hupima kiuno kwa uso wa saa: kitovu ndipo penye 12, nyonga ya kulia penye 3. Ukiiweka penye 1 huinami. Ukiiweka penye 4 unaendesha gari huku umeegemea chuma. Tumbo lililolelewa kwa wali wa nazi halimo kwenye saa hiyo.

Ala ya kifundo cha mguu ilinifanya nichechemee, na mama akaliarifu kundi kwamba sasa imeshuka mguuni. Ya mfukoni haitaki kuchangamana na funguo wala leso. Ya mshipi wa kitambaa wa kuzungushia tumboni iliniwasha upele. Nikivaa kikoi, hakuna ala yenye kauli. Zote ziko kwenye droo, na hakuna duka lililokubali kuzirudisha.

Mwishowe mke wangu alimweleza mama ukweli. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Afadhali ingekuwa ngiri. Ngiri ina dawa." Tukakubaliana ukoo usiambiwe. Kwa watu wa Tanga mimi nina ngiri, na nitaendelea kuwa nayo.

Lakini mama alikuwa na swali. Serikali ya huku imeruhusu? Imeruhusu, mama. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mwenye miaka 21 na zaidi asiyezuiwa na sheria anaweza kubeba bastola Texas bila leseni, hata peupe, mradi iwe ndani ya ala. "Sasa wewe unaficha nini?"

Jirani yangu Mzungu huenda kununua maziwa bastola ikiwa nje kiunoni, na watu wanamsalimia. Mimi nikijaribu, mtu atakuwa amepiga 911 kabla sijalifikia jokofu. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, polisi alisimamisha gari la Philando Castile, Mmarekani mweusi, msimamizi wa jiko la shule. Kibali alikuwa nacho. Alimwambia polisi kwa upole kwamba ana silaha, kama tunavyofundishwa kufanya. Sekunde chache baadaye alipigwa risasi, mchumba wake na mtoto wa miaka minne wakiwa ndani ya gari. Mwezi Juni 2017 baraza la mahakama lilimwachia huru polisi huyo. Castile alisema ukweli, akafa. Ndiyo maana naficha, na ndiyo maana taa za buluu zikiwaka nyuma yangu naifikiria mikono yangu kabla ya kufikiria leseni ya udereva. Kwa tatizo hilo hakuna aliyebuni kabari.

Ndugu yangu uliye Dallas, Columbus au Minneapolis, kama umeshaamua, anza na mkanda mgumu, kwa sababu ala nzuri kwenye mkanda mlegevu ni fedha iliyotupwa. Chukua ala iliyotengenezwa kwa bastola yako hasa, si ya "saizi zote", na ihakikishe imefunika kifyatulio chote. Kabla ya kulipa, ijaribu ukiwa umeketi. Ukifika nyumbani vua, fungia kwenye sanduku la chuma, hasa kama kuna watoto. Na usidanganywe na neno raha. Ipo ala utakayoivumilia, basi. Zaidi ya hapo ni tangazo.