Jinsi ya Kutazama Filamu ya Tetemeko Ukiwa Buyenzi

Chagua San Andreas ya mwaka 2015, ile ya Dwayne Johnson. Imejaa makosa, na makosa yake yanafundisha kuliko filamu nyingi makini. Kaanga ndagala, ita majirani, watoto wakae mbele. Usimruhusu mtu yeyote kusema kwamba matetemeko ni mambo ya Marekani.

Ardhi ya California ikianza kupasuka na kuachama, wape watoto ruhusa ya kucheka. Ufa wa San Andreas haufunguki hivyo: pande zake mbili husuguana ubavu kwa ubavu. Wataalamu wa huko wanasema tetemeko lake haliwezi kuzidi 8.3 au karibu na hapo, lakini filamu imelifikisha 9.6. Wakishacheka, waambie kwamba ufa unaoachana kweli ni huu wetu. Bonde la Ufa linatanuka polepole, milimita chache kwa mwaka, na Ziwa Tanganyika limejaa humo, mita 1,470 kwenda chini. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilipiga chini ya ziwa hilihili, nyumba zikaanguka Kalemie, na mtikisiko ukafika hadi Nairobi.

Sasa simamisha filamu kidogo, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Filamu inamzoesha mtu kuogopa namba kubwa. Sisi wa ukanda huu tunauawa na namba ndogo. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la 5.9 lilipiga Bukavu, kama kilomita 110 tu kutoka hapa Bujumbura, na upande wa Rwanda kanisa likawaangukia waumini. Tarehe 10 Septemba 2016 likaja la Bukoba, 5.9 vilevile, saa tisa na nusu alasiri, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ardhi haikummeza mtu. Watu waliangukiwa na kuta. Kwa hiyo tazama ukuta ulioegemea wewe: ni wa matofali mabichi au ya kuchoma? Juu ya milango kuna lenta inayozunguka nyumba nzima, au fundi aliweka vipande juu ya madirisha tu? Anayejenga mwaka huu amuulize fundi wake kabla mabati hayajapanda. Mwenye nyumba ukingoni mwa Ntahangwa ana swali jingine zito zaidi, kwa sababu mto unamla hata ardhi ikiwa imetulia.

Profesa anayeigizwa na Paul Giamatti akiwaamuru watu waingie chini ya meza, wote waingie, bibi kwa wajukuu: jiinamishe, funika kichwa na shingo, shikilia mguu wa meza mpaka mtikisiko uishe. Ila waeleze ukweli wote. Katika nyumba ya chini yenye kuta dhaifu, aliye hatua mbili tatu kutoka mlangoni, na nje pakiwa wazi, afadhali atoke. Aliye ghorofani Rohero asikimbilie ngazi.

Johnson akiacha kazi yake ya uokoaji na kuondoka na helikopta kumtafuta mke na binti yake, uliza sebule nzima: helikopta ya kwetu itatoka wapi? Nakuomba usiliruke swali hilo. Baada ya tetemeko, wengi wanaotolewa chini ya vifusi wakiwa hai hutolewa na waliokuwa karibu, na hao karibu ndio mliokaa nao mnakula ndagala. Kubalianeni usiku huohuo nani ana sururu, nani amepata mafunzo ya Msalaba Mwekundu, mzee gani hawezi kutembea na nani atamwendea, na uwanja gani mtakutana ikiwa simu hazishiki. Kila nyumba iwe na bidoni la maji lisiloguswa. Anayepika kwa makaa ajue mchanga wa kuzimia moto uko wapi.

Kisha kabati la vyombo. Lifunge ukutani kwa vyuma, shusha masanduku yaliyo juu yake, na usilaze mtoto chini yake.

Umeme ukikatika kabla filamu haijaisha, msiwashe tochi: fanyeni zoezi la kutoka nje. Mlango una komeo na kufuli, madirisha yana nondo, na ufunguo hulala mahali tofauti kila siku. Mwambie mtoto mkubwa aufungue mlango gizani huku wengine wakihesabu kwa sauti. Mkifika 20 hajatoka, pigeni msumari karibu na mlango, mahali asipoweza kufika mwizi wa dirishani, mtundike ufunguo hapo, mrudie zoezi.