Kwa Waheshimiwa Wenye Vitufe Visivyo na Majina

Waheshimiwa Wakurugenzi wa huduma za kidijitali katika mabenki yetu,

Kwa heshima na taadhima tunawapongeza kwa toleo jipya la programu ya simu. Tunaambiwa rangi zake zinapendeza. Mteja asiyeona akigusa kile kialama chenu kizuri, TalkBack, sauti ya simu inayosoma skrini, humsomea: "Kitufe, hakina lebo." Akisogeza kidole pembeni: "Kitufe, hakina lebo." Kimoja kinatuma pesa, kingine kinaghairi. Achague.

Mtasema amwite mtu amsaidie. Lakini ni nyinyi mnaotuma ujumbe kila kukicha kwamba namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata mtumishi wa benki. Kwa kuwa kauli zote mbili ni zenu, tunaomba mzitimize zote: ajirini Maofisa Wataja Vitufe. Kila mteja asiyeona apewe wake, mwenye tai na kitambulisho, akae kwenye kigoda kando ya kitanda, maana pesa ya mgonjwa hutumwa hata saa nane za usiku. Aape mbele ya hakimu kwamba atafumba macho namba ya siri inapoandikwa, kisha ayafumbue na kutamka kwa sauti ya chini, "Hicho ni Ghairi, mzee." Apewe posho ya nauli, likizo, na naibu wa kushika zamu akiugua. Mkiona ni ghali, anzisheni mfuko wa kufidia pesa zilizopotea njia. Au tuleteeni mganga.

Au andikeni neno. Kwenye Android ni mstari mmoja, contentDescription, na fundi wenu anaujua. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.0, ulidai kila kitufe kiwe na jina tangu 2008, mwaka ambao Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Tanzania iliridhia 2009. Wala msiseme wateja hao ni wachache: uchache wao haujawahi kuwazuia nyinyi kuwakata ada ya mwezi. Kuchukua pesa ya asiyeona mnaweza bila msaada wa mtu. Yeye kuitumia, mpaka ashikwe mkono. Hiyo ni dharau, na tumeichoka.

Samahani, waheshimiwa, kalamu imeteleza. Tuma. Ghairi. Rudi. Fundi aandike hayo kabla ya toleo lijalo, kisha afunike skrini na ajaribu kutuma shilingi elfu kumi kwa kusikiliza tu. Pesa iwe yake.