Uwanja wa Kuku, Mgongo Wangu

Kuku wa kienyeji akinyoosha shingo yote aliyojaliwa na Mungu hafiki gotini kwangu. Hilo nalijua, sihitaji kukumbushwa. Lakini tangu nitangaze kwamba uwanja wa kuku wangu utakuwa na kimo cha futi saba, mtu aingie wima kama anavyoingia sebuleni, sijapata kupumua. Kila anayepita njia yetu ya Bigwa kuteremka mjini anasimama kwenye michongoma, anaitazama mirunda iliyosimikwa, kisha anauliza: "Jirani, ni kanisa au ni ukumbi wa harusi?"

Nawajibu wote hapa. Sijengei kuku. Namjengea anayeingia na ufagio.

Kuku hafagii kwake. Haoshi chombo chake cha maji, hageuzi maranda, na yai analitaga kwenye kona ya mbali kuliko zote halafu anatoka nje kupiga kelele kama aliyemaliza kazi ya kutwa. Anayeliendea lile yai ni mimi, na mimi nina mgongo. Banda la zamani lilikuwa kama mabanda yetu yote: mabanzi, bati la kuokoteza, na kimlango cha kupita mtoto wa darasa la pili. Nilipolijenga nilikuwa na mtoto wa darasa la pili, kwa hiyo mambo yalikwenda. Sasa yule mtoto yuko kidato cha tatu, anasoma bweni, na anayetambaa ni baba yake.

Tena mahali pa kutambaa hapafagiliwi. Mtu hujiambia kesho, na kesho inaleta kesho yake, huku kinyesi kinalowa chini ya kichanja. Vijidudu vya kuhara damu, ambavyo mabwana mifugo huita koksidia, havitaki kingine zaidi ya maranda yaliyolowa na joto. Vifaranga wanasimama wamejikunyata, mabawa yameanguka, na mwenye nyumba anaanza kumtafuta mchawi mtaani. Mchawi ni kile kimlango.

Lakini kilichonitoa kabisa katika ujenzi wa kutambaa ni siafu. Huku kwetu miguuni mwa Uluguru, mvua za vuli zikianza, siafu huhama. Asiyewajua atadhani ni wadudu. Siafu vibarua hawaoni, hawana haraka, na hakuna wavu duniani utakaowazuia. Kuku naye usiku haoni, kwa hiyo hakimbii; anakaa kichanjani akiliwa huku analia. Anayeatamia ndiye huanza kufa, maana haachi mayai yake. Dawa ni kufungua, kutoa kuku wote upesi, kumwaga majivu ya moto au mafuta ya taa kwenye njia yao, na kusubiri jeshi lipite. Sasa jaribu kutoa kuku kwenye banda lenye mlango ule. Unaingiza kichwa, unaingiza mabega, unaingiza mkono wenye tochi, na sehemu iliyobaki, ambayo heshima ya ukurasa huu hainiruhusu kuitaja, inabaki nje kwa ajili ya siafu waliochelewa. Mama watoto alikuwa nyuma yangu na debe la majivu. Nilikuwa nalia na kuku wangu mle ndani, nikamsikia anacheka. Mpaka leo anasema alikuwa anakohoa kwa sababu ya majivu.

Asubuhi yake nikaita fundi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Mji Kasoro Bahari una kila kitu isipokuwa bahari na mtu wa kukunyima ushauri. Tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapa tangu mwaka 1984, na matokeo yake ni kwamba kila mtu Morogoro amewahi kupita SUA, hata kama alipita akiuza karanga. Mmoja akaja na kamba ya kupimia. "Mzee, ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lisipige ndani." Ni kweli, kila kijitabu cha ufugaji kinasema hivyo. Ila kiwanja changu kinateremka, na ukitaka ubavu mrefu ulale hivyo lazima uukate mteremko, na ukiukata mteremko umechimba ngazi. Tukachukua sululu na mtaimbo. Bigwa ukichimba shimo la mrunda unatoa jiwe, ukilitoa jiwe unakuta lilikuwa limekalia jiwe.

Tukiwa katikati ya kazi hiyo akatokea mjomba wa mke wangu, ameshuka na basi la Matombo. Katika Uluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mimi mkwe ni mtu wa kupewa kiti na kunyamaza. Nikamwamkia. Akaitikia, akazitazama ngazi.

"Mkwe, haya ni matuta?"

"Ni ya kuku, mjomba. Uwanja wao ukae sawa."

Mzee akakaa juu ya ndoo ya misumari, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Ilibidi nimwelewe. Miaka ya hamsini serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, kazi ya suluba bila malipo, huku udongo mbaya wa chini ukiletwa juu. Mwaka 1955 watu wakachoka, vurugu zikazuka Matombo, polisi wakaletwa, na mpango wenyewe ukaishia kutupwa. "Wazee wetu walimkatalia Gavana," akasema, "na wewe umetiwa sululu mkononi na kuku." Sikuwa na jibu. Mkwe huwa hana.

Alikuwa amekuja na zawadi, mitetea miwili ya Ching'wekwe, wale kuku wadogo wa mkoa wetu, na kwa kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nao walikuja wamefungwa. Tulipowafungua kila mtu akaelewa kwa nini uwanja unataka wavu juu. Ching'wekwe ni mwepesi. Mmoja wao alikanyaga mrunda wa kwanza, akaruka wa pili, akalala kwenye mwembe wa jirani, na yule jirani aliyeuliza habari za kanisa ndiye aliyepandisha ngazi kumshusha.

Wavu wa juu una kazi nyingine pia. Mwewe anatoka mlimani saa nne asubuhi kama mtumishi wa serikali. Kunguru mweusi naye, aliyeletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 eti asafishe taka, amemaliza taka zote za pwani sasa anasafisha vifaranga vya Morogoro. Hao ni wa juu. Chini usiku kuna kicheche anayechimba na kanu anayepanda, mchana kuna nguchiro, na kenge anayekuja kwa mayai, anakula, anaondoka bila ugomvi. Nimeanza kumheshimu kenge.

Sasa sikilizeni habari za wavu, maana hapa ndipo watu wanapotupa fedha. Fundi alikwenda dukani akarudi na robota la chikeni waya lenye matundu mapana, akaniambia, "Bosi, huu ndio wavu wa kuku." Jina lake ni hilo, simlaumu. Ulibuniwa mwaka 1844 mjini Norwich, Uingereza, na muuza vyuma aitwaye Charles Barnard, aliyeiga mashine za kufuma nguo. Umefumwa kama nguo, na unachanika kama nguo. Kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Habari za nani asiingie hazikuwa katika mkataba. Mbwa akiamua anaupasua. Nguchiro hana hata haja ya kuupasua: anasubiri kuku asogee, anaikamata shingo kupitia tundu, na jioni unakuta kuku mzima ndani na kichwa nje.

Kwa hiyo nimeweka chikeni waya juu, ambako adui ni mwewe. Futi tatu za chini nimezungushia wavu mgumu wa matundu madogo, ule ambao kidole cha mtoto kinapita kwa shida. Bei yake ilimfanya mama watoto aulize kama kuku watakuwa wanalipa kodi. Na haukuishia ardhini. Umekunjwa kwa nje, umelazwa chini futi moja na nusu, ukafunikwa udongo na mawe, na mawe ninayo. Kicheche akija kuchimba huanzia pale wavu unapogusa ardhi, anakutana na waya, anasogea kushoto, anakutana na waya, anasogea kulia. Wazo la kurudi nyuma hatua mbili na kuanzia kule halimjii. Kuna watu wazima wengi wa namna hiyo, lakini leo tunamsema kicheche.

Tukaja kwenye mlango, na hapo nikagombana na fundi. Fundi wangu ni mtu mfupi, jambo ambalo si kosa la mtu. Kosa ni kupima dunia nzima kwa kimo chake. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta fremu imeshasimama, na mlango unafika chini ya nyusi zangu. Nikamwonyesha.

"Mzee wangu, si utainama kidogo tu?"

Kuinama kidogo! Uwanja wote huu, mirunda, ngazi, aibu mbele ya mjomba, vyote ni kwa sababu ya kuinama kidogo. Fremu ikang'olewa. Alinuna siku hiyo nzima, akawa ananiita "mheshimiwa".

Ukishapata kimo, bado unataka kujua mlango ufungukie wapi. Ukifungukia nje, kuku wanatoka nao ukiwa umeshika ndoo mikono miwili. Ukifungukia ndani, unasukuma maganda ya mpunga mpaka unakwama. Fundi akaleta suluhisho la kizingiti kirefu: maganda yanabaki upande wake, mlango unafungukia ndani vizuri, na mimi najikwaa kila asubuhi. Hiki kizingiti sijakisamehe, ila kinafanya kazi. Maganda nayapata mashineni, mpunga tunao mkoani, na wenye mashine wanafurahi ukiyaondoa.

Wapo wanaoniambia kwamba fedha hizi zote ningeokoa kwa kuwaacha kuku wazurure kama zamani. Zamani gani? Zamani kulikuwa na vichaka. Sasa kila upande kuna nyumba, na kila nyumba ina tuta la mchicha, na kila tuta la mchicha lina mwenyewe mwenye jiwe mkononi. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Hawakuwa na mchicha.

Na kati ya maadui wa kuku kuna mkubwa wao wote, ambaye hahitaji tundu: ugonjwa wa kideri. Kideri huja na upepo, na kiatu cha mgeni, na kuku wa sokoni aliyefungwa miguu. Kikiingia, banda la mabanzi na banda la dhahabu yote yanafukiwa shimo moja. Chanjo ipo, ya matone. Aina ya I-2 ilitengenezwa kwa ajili ya kuku wa vijijini, na inavumilia joto kuliko zile zinazodai barafu njia nzima. Ya kwetu hutengenezwa Kibaha. Tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Bei ya tone kwa kuku mmoja ni ndogo mno, hata wale wanaonihesabia misumari hawaijui. Kazi ni kumkamata huyo mwenye jicho. Banda la kutambaa ukishika mmoja wengine wanakupita juu ya kichwa, ukitoka hujui nani kapata na nani kapata mara mbili. Uwanja wa kusimama unaingia jioni, unafunga mlango nyuma yako, unamshika mmoja mmoja kichanjani akiwa ameshasinzia. Hata mama watoto, ambaye hapo mwanzo aliuita mradi huu "bunge", sasa anaingia na kichupa cha matone bila kuitwa.

Ila kuku wapya lazima watengwe kwanza, wiki mbili hivi, ionekane kama wamekuja na kitu. Sasa nani alikuwa amwambie mjomba kwamba mitetea yake iko karantini? Tulimwambia wamewekwa chumba cha wageni. Akafurahi sana.

Uwanja umekamilika, isipokuwa kipande cha upande wa mashariki ambako wavu mgumu umeniishia na duka limepandisha bei. Kwa sasa nimeziba kwa mlango wa friji bovu. Msomaji wa Morogoro aliyebakiwa na wavu wa matundu madogo, kama futi sita hivi, anipitie Bigwa. Chai ipo na mayai yapo. Ushauri auache kwake.