Kukimbia kwa Waingereza

Shuleni tulifundishwa kwamba "run" ni kukimbia, na kitabuni palikuwa na mchoro wa mtoto yuko mbio. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa Kiingereza pua yenye mafua hukimbia, friji hukimbia, bomba la maji hukimbia, na mtu anayegombea ubunge naye hukimbia, hata kama umemkuta amejikalia kitini. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi ya Oxford, alikikalia kitenzi hicho kimoja miezi tisa, akakitolea maana 645. Muda huo wenzake huleta mtoto duniani.

Balaa lake nililiona Shangazi alipotoka Tanga kuja kutusalimia hapa Leicester. Kiingereza anacho, ila ni kile cha darasani: neno moja, maana moja. Asubuhi moja jirani yetu, bibi wa Kiingereza mpole kupita kiasi, akamwambia getini: "I ran into your nephew yesterday." Shangazi aliingia ndani mbio, akaninyanyua mikono, akaanza kunibonyeza mbavu.

"Mwanangu, kakugonga na gari usiseme? Na mwenyewe anacheka!"

"Tulikutana tu dukani, Shangazi."

"Kama mlikutana, si aseme mlikutana?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Na hapo alikuwa hajasikia "ran over", ambayo ndiyo hasa ya kumpeleka mtu hospitali.

Jumapili tukakuta tangazo kituoni kwamba mabasi hayakimbii. "Afadhali," akasema, "ya kwetu yanakimbia mno, mpaka trafiki wamepewa tochi." Akaketi kwenye benchi kulisubiri linalokwenda polepole.

Lakini kilichonigharimu ni kanga. Jirani alikuja na keki yake, akamkuta Shangazi anasukumiza kanga mpya, nyekundu ya kuiva, kwenye mashine ya kufulia pamoja na mashati yangu meupe ya kazini. "Oh, that will run, my dear," akaonya. Shangazi akaubamiza mlango wa mashine, akaujaribu kama umejifunga sawasawa, kisha akamtuliza mgeni: haiendi popote.

Ilichuja. Ilichuja kola, ikachuja mifuko, ikachuja mpaka nyuzi za vifungo. Wiki nzima nilikwenda ofisini nimevaa kama niliyealikwa kitchen party.

Kisasi kilijileta chenyewe. Jirani, kwa kumpenda Shangazi, akataka kujifunza Kiswahili. Akafundishwa kwamba kupiga ni kumchapa mtu, akaandika vizuri kwenye kidaftari chake. Baadaye akamsikia mwalimu wake akisema amepiga pasi, amepiga mswaki, amepiga deki, anataka kumpigia simu mdogo wake na kumpiga picha mjukuu wa jirani. Kwenye mjukuu bibi aliweka kalamu chini. Alipoeleweshwa, aliuliza kwa adabu zake zote: je, kwenu kuna kitu chochote kisichopigwa?

Shangazi alifikiri kwa muda, akikuna kichwa chini ya mtandio.

"Maji," akasema. "Maji tunakunywa tu."

Nilinyamaza. Kwetu anayepiga maji ni mlevi.