Rangi Isiyotaka Kuhama

Washairi wa pwani wameusifu mnazi, wamelisifu jahazi, hata tambuu imepata beti zake. Rangi kuukuu ya mafuta, ile iliyogandamana na kabati la bibi tangu enzi za foleni za sukari na sabuni, bado inamsubiri mtunzi. Dhuluma hii yafaa irekebishwe, na pa kuanzia ni Kariakoo na majirani zake Gerezani na Keko, ambako samani huzaliwa, huzeeka, kisha hurudishwa kuchunwa ngozi.

Ianze sifa ya uaminifu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakuwahi kuwa wenyeji wa rangi ya mafuta. Huyu ukimpa jembe, analivunja. Siri yake ni kwamba haikauki kwa kupoteza thina tu. Inavuta oksijeni ya hewani na kujifunga kuwa wavu mgumu, na kazi hiyo inaendelea kwa miaka baada ya mwenye nyumba kuamini kwamba imeshakauka. Ndiyo maana tone la leo asubuhi linafutika kwa kitambaa chenye thina, na la mwaka 1985 halishtuki hata likiogeshwa kwa petroli, mchezo ambao fundi mwenye akili hauchezi karibu na jiko la mama lishe.

Kutunza siri nako inajua. Fundi anakwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, zana isiyogharimu kitu na yenye makali ya kuaibisha patasi, na polepole unajitokeza mninga, kahawia yenye michirizi ya dhahabu. Mwenye mali anaanza kutabasamu. Kioo kinateremka hadi mguuni: msonobari. Kinapanda hadi kwenye droo: puti, misumari minne na ubao wa sanduku la bidhaa. Kabati liliuzwa kama mninga mtupu, na kwa miaka yote hiyo rangi ilijua ukweli na haikumchongea muuzaji. Mawakili wangapi mjini wana kifua cha namna hiyo?

Tena inatunza historia kuliko vibao vya mitaa. Barabara ya Samora iliitwa Unter den Akazien chini ya Wajerumani, Acacia Avenue chini ya Waingereza, kisha Independence Avenue baada ya uhuru, na kila jina jipya lilipokuja, kibao cha zamani kiling'olewa. Meza ya nyumba ya vyumba sita haing'oi kitu. Chini ya nyeupe ipo bluu ya bahari, chini ya bluu kijani, chini ya kijani ile kahawia nzito ambayo kila mtu aliyesoma shule ya serikali anaifahamu. Kila harusi na kila Idi vimeacha tabaka lake.

Ni soko lenyewe tu lililojinyima neema hii. Jengo la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, lilijengwa zege juu ya zege.

Sasa ukarimu wake, na hapa sifa zinahitaji barakoa. Rangi nyingi za zamani, hasa za njano na nyekundu, zilitiwa madini ya risasi ili zing'ae, zidumu na zikauke upesi. Magamba yake yana utamu kidogo, jambo linalowavutia watoto wa umri wa kutia kila kitu mdomoni. Risasi huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za majumbani mwaka 1978; samani hazisomi sheria, nazo huishi muda mrefu kuliko waliozipaka. Zikisuguliwa kwa msasa mkavu barazani, vumbi halibagui: linaingia kwa fundi, kwa mwanafunzi wake, kwa anayepita kununua vitenge, na jioni linapanda daladala kwenye shati hadi nyumbani kwa watoto. Anayetaka kulinyima safari hiyo hutumia msasa wa maji, haichomi rangi kwa moto, na shati analiacha kazini.

Wapo wanaoiendea kwa kostiki soda, ile ile ya akina mama watengeneza sabuni, na kinachotokea ni sabuni kweli: soda hukata mafuta yaliyomo kwenye rangi na kuyageuza kuwa utelezi unaokombwa kwa ubao. Laiti aliyepanga foleni mwaka 1983 angejua alichokuwa nacho kabatini! Ila soda hiyo haikorogwi kwenye sufuria ya alumini, maana itaitafuna kwa povu na mvuke. Ndoo ya plastiki ndiyo yake. Inaunguza ngozi. Mbao nyingi ngumu huiitikia kwa kusawijika, hivyo huoshwa kwa maji mengi na siki, zikaachwa zikauke kabla ya vanishi. Wakati wa masika kukauka huko humfundisha mteja subira ambayo msikitini na kanisani alishindwa kujifunza.

Hatimaye mteja anafika. Kabati limesimama uchi barazani, mninga unang'aa, mguu wa msonobari umeshabadilishwa. Analipapasa, anamsifu fundi, kisha anatoa simu na kuonyesha picha: kabati jeupe pee, vishikio vya dhahabu.

"Liwe hivi," anasema.

Fundi anameza mate. "Sawa, bosi. Rangi ya maji au ya mafuta?"

"Ya mafuta. Nasikia hiyo haitoki."