Sifa za Tairi Kipara

Mgeni rasmi wa leo hahitaji kiti, maana maisha yake yote yeye ndiye aliyekaliwa. Hahitaji kipaza sauti pia. Akisema, husema mara moja tu, kwa mlipuko, na basi zima hunyamaza. Itifaki ikiwa imezingatiwa, nawaomba wana-Singida, kuanzia Manyoni hadi Kiomboi, tumpigie makofi Tairi Kipara, mstaafu wa barabara kuu, aliyerudishwa kazini bila usaili wala barua ya ajira na kupangiwa kituo kipya: ukuta wa banda la gari.

Nafasi hiyo ilikuwa ikimngoja siku nyingi. Nyumba zetu hujengwa kwanza, gari huja baadaye. Siku msingi unapimwa mwenye nyumba alikuwa na baiskeli, na fundi alimkatia pembeni kichumba cha kuiweka pamoja na magunia. Mungu akajalia, Toyota IST ikashuka bandarini Dar es Salaam, na kichumba kile kikapandishwa cheo. Gari linaingia vizuri. Wanaoshindwa kutoka ni watu. Kwa kuwa usukani wetu uko kulia, ukuta wa kulia hupigwa kila jioni na mtu mmoja ambaye angalau anaujua. Wa kushoto huachiwa watoto, shemeji, na yule mgeni aliyemkumbatia jogoo kwa mikono yote miwili, akausukuma mlango kwa goti.

Hapo hatujautaja upepo. Upepo wa Singida una jina kitaifa: kwa miaka mingi wawekezaji wamekuwa wakija kuupima kwa nia ya kuzalisha umeme, na ukisimama kiangazi kando ya Ziwa Singidani utajua hawakupotea njia. Mabanda yetu mengi yako wazi upande wa mbele. Wewe unafungua mlango wa gari kwa adabu, upepo unaupokea njiani na kuufikisha ukutani kwa niaba yako. Lipu inapukutika. Ncha ya mlango inabaki na alama unayodhani ni chokaa, mpaka uipanguse kwa kidole ukute haitoki, rangi ndiyo iliyotoka. Lipu ni koleo moja la saruji, lakini mlango ni habari nyingine. Fundi bodi atauzunguka, ataugonga kwa ukucha, atauliza gari hili lilikuwa la nani kabla yako, ndipo ataje bei. Na ukishalipa utarudi nyumbani na gari lenye mlango mmoja mweupe kuliko wenzake.

Waliowahi kukikalia kiti hiki kabla ya Mheshimiwa ni wengi, na haki inanitaka niwataje. Wa kwanza ni godoro kuukuu. Ni laini, hilo hatubishi, ila hunywa kila kinachomwagika. Mvua za Desemba zikianza kuvuja paani linakuwa zito hadi misumari inakata tamaa, na panya hulifanya wodi ya wazazi. Wa pili ni gunia la alizeti. Kwa kweli huyu ndiye mlinzi bora tuliyewahi kuwa naye: ameshiba, hachubui, anasimama mwenyewe bila msumari. Tatizo lake ni soko. Alizeti ikishavunwa, mwezi wa tano na wa sita, ukuta wote unavaa magunia, na mwenye gari anafungua mlango kwa kishindo cha tajiri. Miezi ikisonga na bei ikipanda, magunia yanakwenda kukamuliwa, na ukuta unabaki uchi wakati uleule wageni wa Krismasi wanapoanza kuteremka. Wa tatu ni zile pedi za sponji zenye gundi, zinazouzwa kwa ajili ya kazi hii hasa. Zinapendeza. Gundi yake, hata hivyo, ilikusudiwa ukuta usiojua vumbi, na ukuta huo haujajengwa Singida.

Tairi Kipara hategemei gundi. Lakini kabla ya kumpigilia misumari, adabu inataka tuijue nasaba yake. Mwaka 1844 Charles Goodyear wa Marekani alipata hataza ya kuupika mpira kwa salfa, usiyeyuke kwa jua wala kukakamaa kwa baridi. Mwaka 1888, mjini Belfast, John Boyd Dunlop akautia upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, na mkoa wenye ng'ombe kama wetu ungekuwa umeshamjengea sanamu. Upande mwingine wa ukoo hausimuliwi harusini: tairi hizo za baiskeli ziliamsha njaa ya mpira duniani, na katika Kongo ya Mfalme Leopold watu walikatwa mikono kwa ajili yake. Hapa kwetu Wajerumani walipanda mpira wa Ceara hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913 na mashamba mengi yakaachwa. Arusha nayo ilikuwa na kiwanda cha General Tyre, kilichotutengenezea tairi zetu wenyewe mpaka uzalishaji ukasimama mwaka 2009. Kwa hiyo karibu kila Kipara unayemwona sasa ni mgeni wa kutoka ng'ambo, lakini ameijua barabara ya Itigi kuliko wengi waliozaliwa huku.

Na utumishi wake hauna doa. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita mkoani mwetu usiku na mchana, yanateremka Mlima Sekenke breki zikinuka, na kila kilomita inamnyoa kidogo. Akiisha kunyolewa kabisa, trafiki humwona kwa mbali na kumwandikia dereva faini. Itazameni dhuluma hii: mtu anashitakiwa kwa upara alioupata kazini. Trafiki anamwita hatari, fundi pancha anamwita takataka na kumtupa nyuma ya kibanda, na hapo ndipo utakapomkuta, ukienda na maneno mazuri na pesa ya soda.

Upara huohuo ndio unaomfaa ukutani. Tairi lenye meno hushika changarawe, na changarawe huchora mlango. Lililolainika halina pa kuificha. Namna ya kumwapisha ni rahisi ila haitaki haraka. Egesha gari pale linapolala kila siku, fungua kila mlango taratibu hadi ncha iguse ukuta, kisha weka alama kwa chaki. Ni hapo tu panapohitaji ulinzi, upana wa viganja viwili vitatu. Kuvisha ukuta mzima ni kutafuta sifa. Kama nyumba ina gari zaidi ya moja, au mwenye gari ana matumaini, ongeza urefu kwenda juu, maana ncha ya mlango wa Noah haigusi pale inapogusa ya IST.

Kukata ndiyo kazi. Tairi za gari za siku hizi zina nyuzi za chuma chini ya uso, na kisu kitakushinda hapo. Tafuta msumeno wa chuma au mpelekee fundi mwenye grainda, kisha zile ncha za waya zisagwe, zisije zikachora mlango zenyewe. Ubavu wa tairi hukatika kwa kisu kikali kilichochovywa maji ya sabuni, na kwa gari dogo unatosha kabisa. La bodaboda ni jembamba na laini, zungushia nguzo. Misumari ya zege ipitishwe kwanza kwenye vizibo vya soda ili mpira usichanike, na ipigiliwe juu na chini, mbali na pale mlango unapofika, kwa sababu kichwa cha msumari kinachochungulia ni adui kuliko ukuta wenyewe. Ukuta wa tofali za udongo hauwezi kuushika msumari. Hapo mning'inize kwa waya kutoka kwenye kenchi. Atakayeona si heshima kumning'iniza mstaafu aende bandarini, Dar es Salaam, Unguja au Mwanza, atazame boti zilivyovaa ndugu zake ubavuni. Bahari na ziwa zinazisukuma gatini mchana kutwa, na manahodha hawajawahi kulalamikia urembo.

Wapinzani wana hoja, nami nitazisoma zote, ingawa kwa sauti ndogo. Wanasema anachafua. Ni kweli, mpira mweusi ukikaa umegusana na rangi nyeupe kwa muda mrefu huacha doa lisilotoka kwa kuosha. Lakini nani alikwambia uuache mlango umemwegemea usiku kucha? Mwenye wasiwasi amshonee kava la kitenge kilichochakaa, apendeze. Wanasema ananuka jua likiwaka juu ya bati. Ananuka kazi. Wanasema ni hatari kwa moto, na hapa naweka hotuba pembeni kidogo: tairi likishika moto halizimiki kirahisi, basi asichomelee mtu chuma karibu naye, wala jiko la mkaa lisiingizwe bandani hata siku ya mvua.

Wanasema anafuga mbu, na hili ndilo shitaka lao kubwa. Aedes, yule mbu wa mchana mwenye madoa meupe miguuni, hupenda maji yaliyotuama ndani ya tairi, na ndiye anayeeneza dengue, iliyoitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Ila kosa hilo hulifanya tairi zima lililotupwa uani likanyeshewa. Kipande kilichobanwa ukutani, chini ya paa, hakina hata pa kuweka kijiko cha maji.

Hata tairi zima lina cheo chake bandani. Hulazwa sakafuni, mbele kabisa, pale gurudumu la kulia linapotakiwa kusimama. Gurudumu likimgusa mwenzake, dereva anajua amefika, na bampa inabaki hatua moja kutoka ukutani. Ili asisogee wala asiweke maji, hujazwa mchanga hadi kati. Kila kitu hapo ni bure, mchanga umejaa makorongo yote ya mkoa huu, na mimi nilidhani utetezi wangu umekamilika.

Kasoro moja imenishinda kuitetea. Mchanga mkavu, ndani ya duara, kivulini, pasipofikiwa na upepo: kuku wa Singida hawezi kupita hapo bila kutaga. Akianza kuatamia, hakuna mtu nyumbani atakayekubali gari liingizwe, na mama mwenye nyumba ndiye wa kwanza kusimama mlangoni na ufagio. Kwa siku 21 IST inalala nje chini ya mwarobaini, milango yake yote salama, na banda zima, pamoja na ukuta wake uliovishwa vizuri, linabaki kuwa la kuku mmoja mwenye mayai 12.