Kitambulisho cha Paa Nunga

Jozani ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ikatoka amri kwamba wanyama wa Unguja wote waandikishwe, mwenyeji ajulikane na mgeni ajulikane. Kazi akapewa Kunguru, akawa Sheha, kwa kuwa ana sauti na hakuna paa la nyumba kisiwani asilolijua. Wazee walikumbuka kwamba babu zake waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji. Taka walizila, wakashushia na mayai ya majirani, kisha makinda. Lakini nani amkumbushe hayo mwenye muhuri?

Wa kwanza mezani alikuwa Kobe wa Changuu, ambaye asili yake ni Aldabra, Shelisheli. Wakubwa wake walikuja kama zawadi mwaka 1919. Alipoulizwa ameishi hapa muda gani, alifikiri mpaka adhuhuri. Kunguru hakungoja jibu.

"Mzee wangu, wewe unalishwa mchicha na watu waliolipa kiingilio. Mwenyeji nani kama si wewe?"

Muhuri ukagonga.

Akaingia Bi Kima Punju na ukoo mzima, mgongo mwekundu, nywele zimemsimama, anatafuna kipande cha mkaa. Watu humcheka kwa mkaa huo, ila ana sababu: majani machanga ya mikungu na miembe yana sumu inayovuruga tumbo, na mkaa huinyonya. Kwamba mkaa wenyewe ulitoka kwenye tanuri lililouchoma mti alikozaliwa mama yake, hilo halijadili. Dawa ni dawa.

"Dole gumba hapa, Bi mkubwa."

Kima akanyoosha mkono. Vidole vinne tu. Mahali pa dole gumba pana kijinundu kisichotosha hata kuchafuliwa wino. Kunguru akachungulia nje, akawaona watalii wamejipanga na kamera zao.

"Halina neno. Umewekewa matuta barabarani magari yasikugonge, utashindwa kusamehewa dole?"

Muhuri.

Popo wa Pemba alikuja usiku, mabawa yamefunika mlango. Huyu mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kwisha kwa kugeuzwa mchuzi, mpaka wanavijiji wenyewe walipoamua kumlinda, na sasa anahesabiwa kwa maelfu. Dole gumba analo, lenye kucha, akalitanguliza kwa fahari. Kunguru akamwambia kwamba duniani kote yeye hupatikana Pemba tu, basi aende kwa sheha wa kwao. Popo akauliza, kwa adabu, kama Sheha naye ana sheha wa kwao. Mlango ukafungwa.

Asubuhi akabaki Paa Nunga. Ni mdogo, mwoga, hupenda vichaka vya juu ya mawe ya matumbawe, na riziki yake kubwa ni majani na matunda yanayodondoshwa na kina Kima. Wawindaji wanamjua kwa mbwa na nyavu. Watalii hawamjui kabisa.

"Picha?"

"Sina, Sheha. Nikisikia mtu nakimbia."

"Dole gumba?"

"Nina kwato."

"Bi Kima hana dole, akajitahidi. Wewe umejitahidi nini? Haya, lete shahidi anayemjua babu yako."

Paa akafikiri. "Yupo mmoja. Chui."

"Alimjuaje?"

"Alimla."

Kunguru akakubali kwamba huo ni ushahidi mzito, akaagiza Chui aitwe. Hapo ndipo kazi ikawa ngumu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 chui walisakwa kijiji kwa kijiji, kwa madai kwamba wanafugwa na wachawi. (Sijasikia mnyama mwingine aliyehukumiwa kifo kwa kosa la kuwa na mwenyewe.) Kufika miaka ya 1990 watafiti walikuwa wamekata tamaa. Mwaka 2018 watu wa televisheni kutoka Marekani walidai kamera yao imemnasa mmoja, lakini ofisini hakufika.

"Yupo wa makumbusho, mjini," Paa akasema. "Amejazwa pamba, lakini ni yeye."

Kunguru akainua kichwa. "Ana mahali maalumu pa kukaa?"

"Kabatini, nyuma ya kioo."

"Picha?"

"Anapigwa kila siku."

"Mbuzi wa watu anakula?"

"Hali chochote."

Kunguru akavuta fomu mpya, akaijaza kwa mwandiko mzuri kuliko zote, akagonga muhuri mara mbili: Chui, mwenyeji mkaazi, wa kudumu. Fomu ya Paa ikaandikwa kwamba shahidi hakutokea, arudi wiki ijayo kabla ya saa nne, na aje na picha.

"Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Chozi, amekuja kushitaki kuibiwa mayai. Kunguru akapangusa mdomo, akamkaribisha kiti.